Kupima akili ya mbwa nyumbani: kipimo kipi kina maana, kipi ni mchezo tu?

kola_ya_ngozi

Wakuu, habari za jioni. Swali ni kwa wanaojua mafunzo ya mbwa.

Mbwa ni wawili, wote miezi 14. Dume ni chotara wa German Shepherd, kilo 31. Jike ni koko wa hapa hapa, kilo 17. Ada iliyopo inatosha mbwa mmoja tu kwenda kwa mwalimu, kozi ya utii wa kawaida kisha ulinzi mwepesi. Nimewafanyia vile vipimo vinavyozunguka mtandaoni, matokeo ni haya:

Taulo kichwani: dume kajitoa kwa sekunde 9, jike sekunde 52.
Vikombe vitatu, kipande cha ini chini ya kimoja, mara 6 kila mbwa: dume kapata 3, jike kapata 5.
Amri ya "kaa": dume anatii karibu kila mara, jike anaangalia mkono kwanza.
Kopo lenye kifuniko, dagaa ndani: jike alihangaika nalo dakika 4 mpaka likafunguka. Dume alilisukuma mara mbili, akaketi akaanza kunikodolea macho.

Kwa zile alama zao dume ameshinda, na orodha ya aina za mbwa inamweka German Shepherd nafasi ya 3 kwa akili. Lakini lile kopo linanipa mashaka. Nisome vipi haya majibu?

mwalimu_wa_kamba

Mkuu, anza kwa kuitoa hiyo orodha mezani. Ilitolewa mwaka 1994 na Stanley Coren, mwanasaikolojia wa Kanada. Hakuna mbwa aliyewekwa chumbani akapimwa. Aliwaandikia waamuzi wa mashindano ya utii wa Marekani na Kanada, wakajibu karibu 200, na maoni yao ndiyo yaliyopanga nafasi: Border Collie wa kwanza, Poodle wa pili, German Shepherd wa tatu. Kundi la juu ni la mbwa wanaoshika amri mpya kabla ya kurudiwa mara 5 na kutii kwa tamko la kwanza asilimia 95 au zaidi. Kundi la chini wanahitaji kurudiwa mara 80 hadi 100.

Sasa tazama nani yuko mkiani. Wa mwisho ni Afghan Hound, na anayemtangulia ni Basenji, yule mbwa wa misitu ya Kongo asiyebweka kama wenzake. Wote wawili ni wawindaji waliochaguliwa vizazi na vizazi wakimbie mbele ya mtu na kuamua wenyewe. Ukimpima mwindaji kwa kipimo cha utii atafeli, na swala bado atamkamata. Coren mwenyewe aliitenga akili ya silika, akili ya kutatua shida na akili ya kutii. Orodha inagusa hiyo ya tatu tu. Koko hayumo kabisa, kwa sababu waamuzi waliulizwa kuhusu aina zilizosajiliwa.

Taulo: hapo kinachopimwa zaidi ni woga na mazoea. Mbwa aliyewahi kupigwa, au asiyezoea kushikwa kichwa, huganda, na sekunde zinaendelea kuhesabika. Mwenye masikio yaliyosimama na pua ndefu hulitikisa likaanguka lenyewe. Taulo dogo la mkono huteleza, kanga nzito iliyolowa kidogo hung'ang'ania. Ukitaka namba yenye maana, mzoeshe taulo siku mbili kwanza, aoneshwe, apanguswe nalo, apewe chakula juu yake. Kisha mpime mara 3 kwa siku tofauti na uangalie kama muda unapungua. Sekunde 52 zikishuka hadi 15 siku ya tatu, umeona mbwa anayejifunza. Zikibaki 52, 50, 55, umeona mbwa anayesubiri mateso yaishe.

pua_ndefu

Nakuja kwenye vikombe, maana hapo ndipo watu wengi huumia.

Kwanza hesabu. Vikombe vitatu mara 6: mbwa anayebahatisha tu hufikisha 3 au zaidi karibu mara 1 katika kila 3, kwa hiyo matokeo ya dume hayasemi kitu. Kufikisha 5 kwa kubahatisha ni kama mara 2 katika 100. Jike wako hakubahatisha. Ila swali ni alitumia nini, macho au pua? Ini la kuchemsha chini ya kikombe cha plastiki kwa pua ya mbwa ni kama taa imewashwa.

Fanya hivi. Tumia vikombe viwili tu, si vitatu. Hesabu inakuwa rahisi na mbwa hachoki haraka. Kila "kikombe" kiwe vikombe viwili vilivyopachikana: weka kipande cha ini katikati yao, na kile cha ndani kitoboe matundu kama 10 kwa msumari wa moto. Mbwa hakifikii hicho kipande lakini harufu inatoka. Vyote viwili vinanuka ini muda wote, kwa hiyo pua haimsaidii. Vipake pia ini kwa ndani kabla ya kuanza. Badilisha vipande kila siku, vikichacha mbwa ataacha kuvijali. Rangi iwe moja, vikombe vyote vya bluu au vyote vyeupe. Mbwa huona vizuri bluu na njano, nyekundu na kijani kwake vinakaribiana, kwa hiyo ukimwekea kimoja chekundu na kingine cha kijani utadhani umempa alama na hujampa.

Mpangilio: vikombe vitengane mita moja, mbwa awe mita mbili nyuma, katikati kabisa, ameshikwa na msaidizi kwa kamba fupi. Msaidizi aangalie chini kwenye vidole vyake vya miguu, asijue chakula kiko wapi. Hapo msidharau. Farasi wa Berlin aliyedaiwa kujua hesabu alichunguzwa na Oskar Pfungst, na mwaka 1907 akaeleza mchezo wote ulivyokuwa. Farasi aligonga kwato mpaka aone muulizaji anainua kichwa kidogo, akasimama. Muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anakiinua. Mbwa anakusoma kuliko farasi. Ukishaweka chakula, nyooka, funga macho au geuka, hesabu 5, msaidizi aachie kamba bila kusukuma.

Kipande kiwe ukubwa wa punje ya harage. Kikubwa kinamshibisha kabla hujafika mara ya kumi. Mpime saa nne au tano baada ya kula, si akiwa na njaa ya kutwa, maana mwenye njaa kali hurukia cha karibu bila kufikiri.

Kushoto na kulia panga mapema kwa kurusha sarafu, andika kwenye karatasi mara 16. Upande mmoja ukijirudia zaidi ya mara 3 mfululizo, rusha upya. Watu wanaopanga kichwani hubadilisha-badilisha kushoto-kulia-kushoto, na mbwa huushika mpangilio kabla hujauona mwenyewe. Chaguo ni kikombe cha kwanza kuguswa kwa pua au mguu. Akigusa kisicho, inua vyote viwili aone, kisha anza upya. Usimruhusu aende cha pili akala, la sivyo unamfundisha kwamba kukosea hakuna gharama.

Kwa mara 16, anayebahatisha hufikisha 12 au zaidi karibu mara 4 katika 100, na 13 au zaidi mara 1 tu katika 100. Basi 12 ndiyo mstari. Chini ya hapo usijidanganye.

Lakini kabla ya hayo yote lazima ufanye kipimo cha udhibiti: ficha chakula mbwa akiwa nyuma ya mlango, mlete achague, mara 16. Hajaona kitu, kwa hiyo anatakiwa apate karibu 8. Akipata 13, vikombe vyako vinavujisha harufu au msaidizi wako anavujisha siri.

Akishapita mstari kwa sekunde 5, ongeza: 15, 30, 60. Ndipo unaanza kupima kumbukumbu.

mbwakoko254

Wadau wa bara mnisamehe, naingilia kutoka huku Mombasa. Hakuna aliyegusa hilo neno "kaa", na kwangu ndilo lenye shida kubwa.

Sisi tunamwambia mbwa "kaa" tukitaka aketi, kisha "kaa hapo" tukitaka asiondoke, kisha mtoto anapita anamwambia "kaa mbali". Neno moja, maana tatu, halafu tunasema mbwa hana akili. Wanaofundisha kwa "sit" na "stay" hawana tatizo hilo. Ukitaka Kiswahili safi, tumia "keti" kwa kuketi na "baki" kwa kutulia mahali. "Lala" ni sawa, "njoo" ni sawa, "acha" ni sawa. Wakubaliane wote nyumbani, hata dada wa kazi na mlinzi.

La pili, mbwa wako hawajapimwa neno, wamepimwa mkono. Jike anayeangalia mkono anakwambia ukweli: alifundishwa kwa ishara, na neno kwake ni kelele inayoandamana na ishara. Huenda dume naye anasoma ishara usiyoijua: kidevu kinachopanda, kiuno kinachoinama. Mpime hivi, akishazoea "keti" badala ya "kaa": simama umeelekea ukutani, mikono nyuma, miwani ya jua usoni, mtu mwingine akitazama na kuandika. Tamka maneno 20 kwa sauti ileile na mwendo uleule, sekunde 15 kati ya neno na neno. Matano "keti", matano "lala", matano yasiyohusiana kabisa ("sufuria", "kesho", "meza"), matano yanayofanana na amri ("beti", "leti"). Changanya.

Akiketi kwa "sufuria", anaketi kwa sababu umefungua mdomo. Akiketi kwa "keti" na pia kwa "beti", usimhukumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, mwaka 2020 walipima mawimbi ya ubongo wa mbwa wakisikiliza maneno: mbwa walitofautisha neno wanalolijua na neno lisilo na maana lililo mbali nalo, lakini lililobadilishwa sauti moja tu ubongo haukulitenga. Ndiyo sababu nasema amri zako zisikaribiane. "Keti" na "leti" ni jirani mno, na kama mbwa wako mmoja anaitwa Beti, hapo umejitafutia.

Wapo mbwa wanaofika mbali sana kwa maneno, sikatai. Chaser, Border Collie wa Marekani, alitambua majina 1,022 ya vitu. Ila mwenyewe, John Pilley, alikuwa profesa mstaafu wa saikolojia, na kazi hiyo ilikuwa ya saa kadhaa kila siku kwa miaka. Nani ana muda huo na gari la maji bado halijafika?

vet_wa_mtaa

Fupi. Kabla ya kipimo chochote, hakikisha mbwa ni mzima. Kupe huleta homa inayomfanya mbwa alale, asiwe na hamu ya kula, na kila kipimo cha chakula kikaonekana kama ujinga. Angalia fizi: ziwe za waridi, zikiwa nyeupe usimpime, mpeleke. Sikio lenye uchafu mweusi na harufu hupunguza usikivu. Simama nyuma yake aliposinzia, gonga kijiko mara moja kwenye sufuria: masikio yasipogeuka, usimhesabie amri za maneno. Dawa ya minyoo akinywa leo, mpime baada ya siku tatu nne.

Jingine: mbwa anayefungiwa bandani tangu asubuhi na kuachiwa usiku tu atapimwa vibaya mahali popote penye mwanga na watu. Kipindi cha kuzoea dunia ni kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14 ya umri. Aliyekosa hapo, usichanganye woga wake na akili ndogo.

kola_ya_ngozi

Nimechukua siku tisa, kipimo kimoja kwa siku, asubuhi kabla ya jua kali. Fizi na masikio yako sawa.

Vikombe vya kawaida, mbwa hajaona nikificha, mara 16: jike 14, dume 9.
Vikombe vilivyopachikana, hajaona: jike 8, dume 7.
Vilivyopachikana, ameona, sekunde 5: jike 9, dume 13.
Vilivyopachikana, ameona, sekunde 30: dume 12. Jike sikumwendeleza.

Taulo siku ya tatu: dume 8, jike 17.

Maneno ukutani: dume kaketi kwa "keti" mara 4 kati ya 5, "beti/leti" mara 4 kati ya 5, "sufuria" na wenzake mara 1 kati ya 5. Jike hakuketi kwa chochote, alizunguka akaja mbele kunitafuta mikono.

pua_ndefu

Kazi nzuri, na imejijibu. Mstari wa kwanza na wa pili ukiviweka pamoja, jike alikuwa ananusa mwanzo mwisho. Ukizima harufu anaanguka hadi kubahatisha hata akiwa ameona kwa macho yake. Hii haina maana hawezi kukumbuka. Ina maana pua ndiyo chombo anachokiamini kwanza, na kikombe kinachonuka kinamzuia kutumia macho. Mpe wiki ya vikombe visivyonuka (biskuti kavu, vikombe vilivyooshwa) kisha urudie, huenda akapanda. Dume anatumia macho, na sekunde 30 hazijamsumbua.

Ukishamaliza, wape wote kipimo cha kuonesha kwa kidole: vikombe vilevile, mbwa hajaona, wewe simama katikati, nyoosha mkono kuelekea kikombe sekunde 2, urudishe. Mara 16, mstari uleule wa 12. Brian Hare na wenzake walichapisha mwaka 2002 kwamba mbwa hufuata ishara za mtu vizuri kuliko sokwe na mbwa mwitu wa kijivu (wolf) waliolelewa na watu, na hata watoto wa mbwa wanaweza. Ni kipimo kizuri kwa sababu mwalimu atafanya kazi kwa mkono wake muda wote.

mwalimu_wa_kamba

Sasa lile kopo, ambalo lilikuwa mashaka yako ya kwanza. Watu wote humpa alama jike kwa dakika zake 4. Ádám Miklósi na wenzake wa Budapest walichapisha mwaka 2003 jaribio la namna hiyo: mbwa na mbwa mwitu waliolelewa na watu walifundishwa kupata nyama, kisha ikafungwa isifikike. Mbwa mwitu waliendelea kung'ata na kuvuta. Mbwa walikatiza mapema wakamtazama mtu usoni. Dume wako alipoketi akakukodolea macho alikuwa anaomba msaada, na mbwa anayeomba msaada ndiye anayefundishika kwa urahisi. Anayemaliza shida zake mwenyewe ndiye utakayemkuta amejifunza komeo la geti.

Kwa uamuzi wako wa ada, hata hivyo, usitumie kopo wala vikombe. Pima kitu kilekile utakachokilipia: kasi ya kujifunza. Chagua jambo ambalo hakuna hata mmoja analijua, mfano kugusa kwa pua kifuniko cha ndoo kilichowekwa chini. Vipindi viwili kwa siku, marudio 10 kila kipindi, dakika 5 zisizidi. Marudio 20 ya kwanza weka kifuniko karibu na pua, akikigusa toa mlio mmoja wa ulimi na kipande ndani ya sekunde moja. Ukichelewa sekunde tatu unalipia kitu kingine alichokifanya katikati, kukaa au kubweka. Kisha kisogeze nusu mita, mita moja, mita mbili. Neno "gusa" liingie pale tu anapokwenda mwenyewe mara 8 kati ya 10.

Andika marudio mangapi mpaka afike 8 kati ya 10 kwa neno peke yake, bila mkono. Halafu acha siku tatu bila kufanya lolote, mrudishe, hesabu anapata mangapi katika 10 ya kwanza. Namba hizo mbili, ya kushika na ya kutunza, ndizo mwalimu angeziuliza. Jike mpime kwa dagaa, dume kwa chochote anachokililia zaidi, hata mpira. Wanaochagua mbwa wa kunusa meno ya tembo na silaha huangalia kwanza mbwa atautafuta mpira wake kwa muda gani kabla ya kukata tamaa, ndiyo maana nasema hamu isipokuwa sawa kwa wote wawili utakuwa umepima chakula.

kola_ya_ngozi

Kimeeleweka. Kifuniko cha ndoo kinaanza Jumatatu, jike na dagaa, dume na mpira. Swali la mwisho: wafundishwe wakiwa wanaonana?

mwalimu_wa_kamba

Hapana. Mmoja awe ndani, mlango umefungwa. Mbwa hujifunza kwa kutazama, na wa pili ataanza akiwa tayari ana marudio ambayo hukuyahesabu. Badilishana nani anaanza kila siku.